Barua pepe zikikwama kwenye foleni ya Postfix (programu ya seva ya kutuma barua pepe)
Usikimbilie `postqueue -f`, amri ya kujaribu kutuma foleni yote upya. Anza na `mailq` (huonyesha foleni), chukua namba ya barua, uitafute kwa grep ndani ya /var/log/mail.log. Kwenye mstari wa status=deferred (imeahirishwa), soma maneno ya mabano mwishoni, kisha delays=, yaani namba nne zilizotenganishwa kwa mkwaju. Ya tatu ikiwa kubwa, mfano 0.1/0.02/30/0, muda unapotea kwenye DNS (kutafuta anwani ya seva) au kuunganisha na seva ya mpokeaji.

Jibu la 450 (kukataliwa kwa muda) kutoka seva ya mpokeaji mara nyingi ni kichujio kinachomkataa mgeni kwa muda tu. Iache: Postfix hurudia baada ya sekunde 300, ikiongeza hadi 4000, na baada ya siku 5 humrudishia mtumaji. Lakini "Connection timed out" kwa wapokeaji wote? Jaribu kama bandari (port) 25, ambayo seva hutumia kupelekeana barua, iko wazi. Watoa huduma wengi huifunga.