Gari Lisilo na Usukani

Mwezi wa Idi mwaka 2015 niliungojea mjini Puri, jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Ilikuwa Ijumaa, 17 Julai. Nilifuturu kwa tende na maji juu ya paa la zege la nyumba iliyotazama barabara pana waiitayo Bada Danda. Huko chini, mbele ya Lango la Simba la hekalu la Jagannath, magari matatu ya mbao marefu kama nyumba za ghorofa yalikuwa yameshapangwa. Kesho yake ilikuwa Idi yangu mimi, na kwa wenyeji wangu ilikuwa Ratha Yatra, siku ambayo Jagannath, Bwana wa Ulimwengu, hutoka hekaluni na kukokotwa barabarani na watu.

Kalenda hizi mbili hazigongani kila mwaka. Zote hufuata mwezi, ila ya Wahindu huongezewa mwezi mzima kila baada ya miaka miwili na ushei ili isiachane na majira. Mwaka ule mwezi wa nyongeza uliangukia Ashadha, mwezi wa sikukuu yenyewe, na Ashadha zikawa mbili. Hapo ndipo miungu ya Puri hubadilishwa miili. Mara ya mwisho ilikuwa 1996, na kabla yake 1977.

Miili hiyo ni ya mwarobaini. Ndiyo, mwarobaini huu huu tunaouchemsha kwa homa. Lakini si kila mwarobaini unafaa. Watumishi wa hekalu hutembea vijijini wakitafuta mti wenye alama: wa Jagannath uwe na gome jeusi na matawi makuu manne, wa kaka yake Balabhadra mweupe wenye matawi saba, wa dada yao Subhadra wa rangi ya manjano wenye matano. Usiwe na kiota cha ndege, shinani pawe na kichuguu au pango la nyoka, na maji na mahali pa kuchomea maiti pasiwe mbali. Mwaka ule mti wa Jagannath ulipatikana kijiji cha Kharipadia. Sanamu za zamani huzikwa ndani ya ua wa hekalu, na watumishi wa ukoo wa Daita, wanaojihesabu kuwa ndugu wa mungu huyo, huomboleza na kunyoa vichwa kama waliofiwa na baba.

Mwenye nyumba alikuwa babu mzaa mama wa mwenzangu wa chumba. Tulisoma pamoja Bhubaneswar, kilomita kama 60 kutoka pale. Wajukuu walimwita Aja, yaani babu, nami nikamwita hivyo hivyo. Jioni ile alitushusha tukatazame magari kabla polisi hawajafunga njia. Alikuwa na jicho la fundi, ingawa si seremala, na alianzia chini, kwenye magurudumu.

Gari huitwa ratha. Ya Jagannath ni Nandighosha, yenye magurudumu 16, kitambaa chekundu na cha manjano, na urefu unaopita mita 13. Ya Balabhadra, Taladhwaja, ina magurudumu 14 na kitambaa chekundu na kijani. Ya Subhadra, Darpadalana, ina 12, nyekundu na nyeusi. Rangi hizo ndizo zinazomsaidia mgeni, maana kwa mbali mapaa yote matatu yanafanana. Hesabu ya vipande vya mbao ni 832 kwa ya kwanza, 763 kwa ya pili, 593 kwa ya tatu, na mafundi hawafanyi kazi kwa ramani ya karatasi. Wana fimbo ya kipimo, kama dhiraa yetu, na kila ukoo una sehemu yake: maseremala, wahunzi wa vyuma na misumari, wachongaji, wachoraji, na mafundi cherehani wa kushona zaidi ya mita 1,000 za kitambaa.

Kazi huanza siku ya Akshaya Tritiya, mwezi wa Aprili au Mei, hapo hapo barabarani mbele ya kasri la mfalme wa jadi wa Puri. Kila mwaka ratha ni mpya, na sikukuu ikiisha zinavunjwa. Nilimwuliza Aja kwa nini wasitunze hata ekseli, mti mgumu namna ile. Akagonga kitovu cha gurudumu kwa kifundo cha kidole na kuniambia niangalie ufa mwembamba uliokwishaanza kutoka katikati kuelekea ukingoni. Mti ulikatwa mbichi, ukachongwa ungali na maji, na jua la Mei na Juni likaukausha kwa pupa. Kwa safari ya kilomita 3 kwenda na 3 kurudi unatosha. Mwakani usingefaa hata kwa mkokoteni.

Kisha akatuonyesha kitu nisichokitarajia. Ratha haina usukani. Ekseli zimefungwa palepale, hazizunguki kushoto wala kulia. Breki yake ni vipande vya gogo vinavyotupwa mbele ya gurudumu.

Asubuhi nilisali Idi katika msikiti mmoja mjini, nikarudi mbio kabla umati haujakaza. Joto la Puri mwezi wa saba ni la unyevu, shati linaganda mgongoni saa mbili asubuhi, na magari ya zimamoto yalikuwa yakiwamwagia watu maji. Juu ya paa tulikuwa kama arobaini.

Miungu ilianza kutoka. Kutoka huko kunaitwa pahandi, na anayedhani ni maandamano ya madaha atashangaa. Sanamu ni zito na halina miguu ya kutembelea. Hufungwa msalaba wa mbao mgongoni, kamba hupitishwa kiunoni, kundi moja likavuta mbele na jingine likazuia nyuma, na linayumba kutoka godoro moja la pamba hadi jingine, hatua kwa hatua, kwa mdundo wa matoazi. Kichwani limevishwa taji la maua pana kuliko mabega, nalo hutikisika kila hatua. Pa hatari zaidi ni ngazi ya magogo inayopandisha kwenye ratha, kwa sababu ya mwinamo: wa nyuma wakilegeza, uzito wote unawaangukia wa mbele. Mwaka 2024, wakati wa kumteremsha Balabhadra, jambo hilo hilo lilitokea na watumishi kadhaa wakaumia.

Walipokwisha kukaa, akaja mfalme, Gajapati Dibyasingha Deb, kwenye machela. Alipanda ratha zote tatu, akanyunyiza maji ya msandali na maua, akafagia sakafu kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Siku hiyo mfalme ni mfagiaji, na kazi hiyo hamwachii mtu. Ndipo ngazi zikaondolewa na farasi wa mbao wakafungwa mbele, wanne kwa kila ratha: weusi wa Balabhadra, wekundu wa Subhadra, weupe wa Jagannath.

Taladhwaja huvutwa kwanza. Kamba zake ni za usumba, nene kuliko mkono wangu. Aliyewahi kusokota makumbi yaliyozikwa pwani anajua tabia ya usumba: kabla haujavuta, unanyumbuka. Watu walivuta, kamba ikakaza, ratha haikutikisika. Wakavuta tena. Kwenye ukingo wa mbele wa ratha alisimama mtu mwenye fimbo, dahuka, akiwaghania wavutaji mashairi yaliyowafanya wanawake pale paani wafunike midomo kwa kitambaa. Mwenzangu alikataa kunitafsiria. Aja alitafsiri nusu tu, nikaelewa: ni maneno ya unyagoni, ya wazi wazi, na imani ya zamani ni kwamba bila hayo ratha haiondoki. Siku hizi, alisema kwa masikitiko kidogo, yamepunguzwa makali.

Ghafla ikaruka. Ule mnyumbuko wote wa kamba ulirudi kwa mara moja, magurudumu yakalia kwa sauti ya mti unaovunjika, na waliokuwa mbele wakageuka kutoka wavutaji wakawa wakimbizi. Ndiyo maana polisi hukaa kati ya kamba na kamba wakisukuma watu nje. Akianguka mtu kwenye nafasi ile, wavutaji walio mita mia mbele hawamwoni wala hawasikii kelele za nyuma, na wataendelea kuvuta. Wengi hudhani watu hufa kwa kujitupa chini ya magurudumu, hadithi waliyoisambaza Wazungu karne nyingi. Mauti yanayotokea ni ya msongamano. Mwaka 2008 walikufa sita, na mwaka ule ule wa 2015 hapakukosekana waliokufa.

Taladhwaja haikwenda moja kwa moja. Wavutaji wa upande mmoja walikuwa wengi zaidi, ikaanza kuegemea maduka polepole. Kengele zikagongwa, mkono wa mtu juu ya ratha ukapunga, magogo yakatupwa chini. Gurudumu la mbele likapanda juu ya gogo, likasita, likashuka. Ikasimama karibu kabisa na mabango ya maduka. Dakika nyingi zilipita wakipanga upya: upande wa maduka ulegeze, wa pili ukaze, kabari iwekwe chini ya gurudumu la ndani ili ratha ijigeuze yenyewe ikianza kutembea. Mimi naona waliotupa magogo ndio waliokuwa na kazi kubwa kuliko wote siku ile, kumshinda mfalme na makuhani, na sikuona hata mmoja aliyevishwa shada.

Jua likizama, kuvuta hukoma. Ratha hulala popote ilipofika.

Mwisho wa safari ni hekalu la Gundicha, ambapo miungu hukaa hadi siku ya tisa. Watu husema wanakwenda kwa mama mdogo wao. Aja alisahihisha: mama mdogo ana hekalu lake njiani, na siku ya kurudi husimama hapo kula mkate wake wa mchele uliobanikwa. Siku ya tano Lakshmi, mke aliyeachwa nyumbani, hufuata kwa hasira, na watumishi wake huvunja kipande cha Nandighosha. Jagannath akirudi hufungiwa mlango, na hafunguliwi mpaka amtulize mkewe kwa rasagola, kitamutamu cha maziwa ndani ya shira.

Usiku, tukishuka ngazi, Aja aliniuliza kama najua ratha husimama kwa nani mwingine. Sikujua. "Kwa mwenzio," akasema. Ndani ya hekalu asiye Mhindu haruhusiwi kuingia, na ratha ndiyo njia ya kila mtu kumwona Jagannath. Katika karne ya 17 alikuwepo Mwislamu, Salabega, mtoto wa afisa wa Mogul, dola ya Kiislamu iliyotawala India wakati huo, aliyemtungia Jagannath nyimbo zinazoimbwa hadi leo. Wanasimulia kwamba mwaka mmoja alichelewa njiani, na Nandighosha ikagoma mpaka alipofika. Kaburi lake liko pembeni mwa Bada Danda, na kila mwaka ratha husita hapo kidogo.

Jumapili asubuhi nilikwenda kuliona. Njia nzima ilijaa ndala zilizopoteza wenzake, na moja ilikuwa ya mwenzangu, aliyeshuka kushika kamba na kurudi na mguu mmoja mtupu.

Baada ya miezi miwili alirudi bwenini kutoka nyumbani na chungu cha udongo cha mahaprasad, wali na dengu za jikoni mwa hekalu, ambazo mtu yeyote huruhusiwa kula. Wali ulinuka moshi. Mbao za ratha huishia kuwa kuni za jiko lile, nikamwuliza kama nilikuwa nakula wali uliopikwa kwa gurudumu la Nandighosha.

"Magurudumu yanauzwa kwa mnada," akasema, akijipakulia. "Hiyo labda ni sakafu."