Taa za dagaa zilivyonifundisha kulala

Mtumbwi wetu ulipanda mwamba saa kumi na moja alfajiri, ziwa limetulia tuli, mashine nimeishika mimi. Hakukuwa na wimbi wala ukungu wa kusingizia. Nilisinzia. Ubao mmoja ulipasuka, tukachota maji kwa makopo hadi mwalo wa Igombe, kule Mwanza tunakoshushia dagaa, na pesa ya fundi ikakatwa kwenye mgao wangu. Sikulalamika.

Kwa wasioijua kazi hii: dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza. Tunaelekeza taa majini, tunasubiri wakusanyike, ndipo tunavuta nyavu. Mwezi ukiwaka taa haziwavuti tena, kwa hiyo siku za mbalamwezi tunakaa nchi kavu. Maana yake mwili unageuzwa mara mbili kila mwezi. Kipindi cha giza nilikuwa nalala saa tatu asubuhi na kuamka saa tano, bati likishawaka moto na watoto wakicheza mpira ukutani kwangu. Ikija mbalamwezi, mke anataka nilale saa nne usiku kama watu wengine, nami nakodolea macho dari hadi jogoo awike.

Aliyenipigia hesabu ni mpwa wangu anayesomea uuguzi. "Mjomba, siku ile uliamka saa ngapi?" Saa tano asubuhi. Akahesabu kwa vidole: saa 18 bila kulala. Akaniambia kwamba mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kuwa mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Mimi sijawahi kuonja pombe, na nahodha mlevi simpandishi mtumbwini. Maneno yale yaliniuma.

Lakini kilichonikaa kichwani ni habari ya macho. Kumbe ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha vitu, ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku, na mwanga wenye ubuluu ndio unaoziamsha zaidi: mwanga wa anga la asubuhi, na wa hizi taa nyeupe za sola zilizochukua nafasi ya karabai. Nilicheka peke yangu. Miaka yote nawadanganya dagaa kwa taa, na jua la asubuhi linanifanyia mimi vilevile. Nashuka mwaloni linanipiga usoni, ubongo unaamini siku imeanza, halafu naenda kuulazimisha ulale.

Basi nikaanza na jua. Nikishamaliza kugawana mzigo, navaa kofia pana na miwani myeusi, napanda nyuma ya bodaboda hadi nyumbani. Vijana wa mwaloni waliniita Mheshimiwa kwa muda mrefu. Kitanda nikakihamishia chumba cha nyuma, upande wa mwembe, dirisha nikalifunika kwa blanketi zee. Mlangoni natundika boya la nyavu: likiwepo, hakuna mtoto anayebisha hodi. Kahawa nanywa tukitoka tu, baada ya saa nane usiku sigusi, kwa sababu mwili wa kawaida huchukua kama saa tano kuondoa nusu tu ya kile kinachochangamsha. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikalala saa sita mfululizo mchana. Saba wanazoshauri wataalamu sijazifikia, ila nalala tena kidogo saa kumi jioni kabla ya kwenda ziwani.

Kazi ngumu ilikuwa tajiri, mzee mwenye mtumbwi. Nilitaka kipindi kile cha kusubiri dagaa waje kwenye taa tulale kwa zamu, nusu saa nusu saa, na atakayeshika mashine kurudi awe miongoni mwa waliolala. Mzee akaniangalia kama nimemtukana. "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nanunua mafuta ili watu wakalale ziwani?"

Nikamweleza habari za marubani. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilifanya utafiti kwa marubani wa safari ndefu za kuvuka Pasifiki. Waliruhusiwa kwa zamu kulala hapohapo kwenye viti vyao kwa dakika 40, na kwa wastani walipata dakika 26 za usingizi. Waliolala walikuwa macho zaidi mwishoni mwa safari kuliko wenzao ambao hawakulala. Mzee akauliza ndege inabeba watu wangapi. Nikasema mamia. Akanyamaza, akamwita fundi akamuuliza bei ya ubao, kisha akaniambia tujaribu giza moja. Mpaka leo hajalifuta, ingawa huwaambia matajiri wenzake kuwa wazo ni lake.

Mbalamwezi ndiyo bado tunasumbuana nayo. Kuna mtafiti wa Chicago, Charmane Eastman, ambaye na wenzake walipendekeza kwamba mfanyakazi wa usiku asirudi kabisa kwenye ratiba ya mchana siku za mapumziko. Akutane nayo katikati. Kwa hiyo sasa mwezi ukiwa mpevu nalala saa nane usiku na kuamka saa nne asubuhi. Usiku nashona nyavu kibarazani kwa mwanga wa mwezi, na hiyo kazi ilikuwa imelala muda mrefu kuliko mimi.

Tatizo ni kijiji. Mwanamume kulala hadi saa nne bila kuwa amevua! Juzi jirani alimuuliza mke wangu kama naumwa. Nilimsikia akijibu huku anageuza dagaa kwenye chanja: "Haumwi. Anasubiri giza."