Asha Juma wako wangapi?

Zimebaki wiki tatu harusi ya mdogo wangu ifike, kamati ikanikabidhi orodha ya michango. Sikuuliza kwa nini mimi. Ukishajulikana unashinda na Excel dukani, kila hesabu ya ukoo ni yako. Michango ilikuwa imepokelewa na watu watatu: mimi kwa simu, binamu yangu kwenye grupu la WhatsApp, na shangazi, ambaye haamini kitu kisichoandikwa kwa kalamu, kwenye daftari lake. Nikaviingiza vyote kwenye shiti moja. Mistari 237.

Kwamba kuna majina yamejirudia nilijua tangu mwanzo. Nikabonyeza Remove Duplicates, kitufe cha kufuta yaliyojirudia, nikaweka tiki kwenye kolamu ya jina peke yake, Excel ikajibu imeondoa 31. Nikahifadhi, nikafunga kompyuta, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi mweka hazina kanipigia. "Dada, jumla yako imepungua milioni moja na laki moja na arobaini. Zimeenda wapi?"

Ukiulizwa swali hilo na kamati ya harusi, chai haishuki.

Hazikwenda popote. Watu wetu huchanga kidogo kidogo: leo elfu ishirini, mshahara ukitoka elfu thelathini. Kitufe kile hubakiza mstari wa kwanza wa kila jina na kufuta inayofuata. Tarehe na kiasi hakiviangalii kama hukuweka tiki kwenye kolamu zake. Kwa hiyo nilikuwa nimefuta awamu za pili za watu waaminifu kabisa. Bahati jioni ile nilikuwa nimemtumia binamu faili kabla sijaligusa, vinginevyo sijui ningemwambia nini mweka hazina.

Mara ya pili sikufuta kitu. Niliongeza kolamu pembeni, nikaweka COUNTIF inihesabie kila jina limetokea mara ngapi, kisha nikapanga majina kwa alfabeti na kuyapitia kwa macho. Hapo ndipo nilipoona tulivyo. Hadija, Khadija, Khadijah. Ramadhan na Ramadhani. Mohamed mwenye m moja, mwenye m mbili, na Muhamedi. Excel haibagui herufi kubwa na ndogo katika kuhesabu huku, lakini herufi moja ikizidi tu, kwake huyo ni mtu mwingine.

Kulikuwa na jina moja lililonitoa jasho: Asha Juma. Yapo manne, yamefuatana, yanafanana kama pacha, lakini COUNTIF inasema matatu ni jina moja na la nne lipo peke yake. Nikatumia TRIM kuondoa nafasi za ziada, wapi. Nikapima urefu kwa LEN: yale matatu 9, la nne 10. Kuna kitu mwishoni nisichokiona. Nikauliza kwa CODE herufi ya mwisho ni namba gani, ikaleta 160. Ni ile nafasi inayokuja na maandishi ya kukopi, na TRIM haiigusi, maana yenyewe inaijua nafasi ya kawaida tu, namba 32. Nikabadilisha kila nafasi hiyo, yaani CHAR(160), kuwa nafasi ya kawaida kwa SUBSTITUTE, ndipo TRIM ikafanya kazi yake. Ghafla Asha Juma wakawa wanne.

Nikageukia namba za simu, nikijua hizo hazina tahajia. Kumbe nazo zina zao. Nyingine zimeanza na 0, nyingine na +255, nyingine Excel imezimeza sifuri ya mbele kwa kuwa imezichukulia kama hesabu. Dawa ilikuwa kuondoa nafasi katikati na kuchukua tarakimu tisa za mwisho kwa RIGHT. Zikalingana. Lakini mume na mke wametuma kwa simu moja, na kuna bibi anayetuma kwa laini ya mjukuu, jina linalokuja kwenye ujumbe ni la mjukuu.

Nikaenda Chumbageni kwa shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeshindwa na mashine yako?"

Akafungua daftari. Kwa mwandiko wake: *Asha Juma wa mandazi. Asha Juma Makorora, mke wa fundi. Asha Juma mwalimu.* Nikahisi aibu, maana maneno hayo niliyaona siku ninayaingiza. Niliyaacha kwa makusudi ili kolamu ipendeze. Kitu pekee kilichowatenganisha wale watu nilikitupa mwenyewe, tena kwa kupenda usafi.

Tukakaa mkekani hadi magharibi, yeye anasoma, mimi naandika kolamu mpya: *Anajulikana kama*. Akabaki Asha wa nne, yule wa WhatsApp, elfu hamsini.

"Huyo simjui," shangazi akasema. "Mpigie."

Nikapiga, nikajieleza, nikaomba radhi kwa usumbufu.

"Ni mimi, wa mandazi," sauti ikanijibu. "Hiyo laini ya mwanangu. Ya kwanza nilimpa shangazi yako mkononi, hamsini."

Kwa kamati yetu hamsini ni kadi ya single, ya mtu mmoja, laki ni ya dabo, ya wawili. Kwenye bahasha nilikuwa nimeshamwandika kama Asha Juma wawili, single kila mmoja.

"Basi wewe ni dabo, mama."

"Najua. Nilikuwa nasubiri nione mtaniletea nini."