ECG safi, mtoto anaanguka

Kazi yangu ni kupima ECG, yaani umeme wa moyo. Kutwa nabandika waya vifuani mwa watu na kusoma karatasi ya vimraba. Ndiyo maana nakereka nikisikia mtu kaambiwa moyo wake mzima eti kwa kuwa karatasi imetoka safi. Karatasi ile inaeleza moyo uliolala kitandani, basi.

Chukua ugonjwa wa mapigo ya moyo unaoitwa kwa kifupi CPVT. Mtoto mzima kabisa anakimbia mbio shuleni, au anashtuliwa ghafla, anaanguka. Akifika hospitali kashazinduka, ECG haina kasoro, hata umbo la moyo halina neno. Nyumbani wanasema majini. Wengine huandikiwa dawa za kifafa, wakazinywa miaka.

Kumbe kesi iko kwenye kalsiamu. Seli za moyo zina vifuko vya kalsiamu. Ikimwagika msuli unajikunja, ikirudishwa msuli unalegea. Mlango wa vifuko hivyo ni protini iitwayo RyR2. Ukikimbia au ukiogopa, adrenalini inagusa vipokezi vya beta juu ya seli. Ndani inatengenezwa molekuli ndogo, cAMP, inayoamsha kimeng'enya PKA, nacho kinapachika fosfeti kwenye milango ya kalsiamu. Hapo moyo unapiga kwa kasi na kwa nguvu, na ndivyo inavyotakiwa.

Ila kwa mwenye hitilafu kwenye jeni ya RyR2, iliyohusishwa na ugonjwa huu mwaka 2001, mlango unavuja wakati ambapo moyo ungepaswa kutulia. Seli inahangaika kuitoa nje kalsiamu iliyovuja: kila ayoni moja ya kalsiamu inayotoka, tatu za sodiamu zinaingia. Piga hesabu ya chaji za umeme, kalsiamu moja ikibeba mbili na sodiamu moja ikibeba moja: mbili zimetoka, tatu zimeingia. Ile moja ya ziada ikirudiwa mara nyingi, pigo linazuka bila zamu yake.

Mpandishe mtoto huyo kwenye mashine ya kukimbilia uone. Mapigo yakishapanda, ya ziada yanaanza kuchomoza, moja moja, kisha mfululizo. Kwa baadhi yao mstari wa ECG unaelekea juu, chini, juu, chini. Ukishauona hausahauliki. (Asipimwe bila daktari na mashine ya kushtua moyo pembeni, tafadhali.)

Dawa ya kwanza ni kuvifunga vile vipokezi vya beta. Propranolol, kazi ya mwanasayansi James Black aliyepata Nobel mwaka 1988, ni mojawapo. Flecainide nayo huongezwa kwa wanaoendelea kusumbuliwa. Wazazi huniuliza kama dozi inaweza kusimama mtoto akishakaa muda bila kuanguka. Hapana, wala isirukwe: hitilafu ya jeni bado ipo, na adrenalini haisubiri kidonge cha kesho.