Testi imepita, batani haionekani

Wadau, kuna kitu nabishana nacho na watu ofisini kila siku nikaona bora nikimwage hapa. Testi ya kiotomatiki (kodi inayojaribu aplikesheni badala ya mtu) inaweza kukwambia kitufe kipo na ikawa haijadanganya, huku mteja yuko Mbagala anakodolea skrini na kitufe hakioni. Ukimfuata developa anakujibu "kaka, kwangu kinaonekana mbona". Na kweli kwake kinaonekana, ana simu kubwa kama sinia.

Sisi Android tunatumia Espresso, chombo cha kuandikia hizo testi. Sasa isDisplayed() ya Espresso inaridhika hata kama kitufe kimechungulisha kipande tu kwenye skrini, yani ni konda wa Gongo la Mboto anayekwambia nafasi zipo wakati mguu wako mmoja uko nje ya mlango. Ukitaka kizima tumia isCompletelyDisplayed(), ukitaka kupanga asilimia mwenyewe ipo isDisplayingAtLeast(). Halafu click() yenyewe ina masharti yake, inataka angalau asilimia 90 ya kitufe iwe inaonekana, ndo maana unakuta mtu kahakikisha kitufe kinaonekana, mstari unaofuata anabonyeza na testi inaanguka, basi anaanza kulaumu emuleta (simu bandia ya kwenye kompyuta). Emuleta masikini haihusiki.

Kingine ambacho wengi hawakijui, isDisplayed() haiangalii kama kuna kitu kimelala juu. Inachoangalia ni kwamba elementi (hapa kitufe chetu) na wazazi wake wote, yani visanduku vinavyokibeba, hawajafichwa na eneo lake linaangukia ndani ya skrini, basi. Tangazo likijitandaza juu ya kitufe, inapita. Alfa ikiwa sifuri, yani kitufe ni uwazi mtupu kama kioo, bado inapita! Upande wa iPhone angalau XCUITest, chombo chao cha testi, imetenganisha, kuna exists inayokwambia elementi imo tu kwenye mti (mpangilio wa vitu vyote vya skrini), na kuna isHittable inayokwambia kama inagusika, mi nikikuta testi ya malipo inategemea exists peke yake siipitishi.

Ila penye utata kuliko kote ni pale unapotaka kuthibitisha kitu HAKIONEKANI. Chukua mfano kitufe cha "Lipa", mteja akishalipa kinatakiwa kipotee asije akakatwa mara mbili. Developa akikificha kwa GONE (hali ya Android ya kuficha kitu bila kukiondoa), kitufe hakionekani ila bado kimo kwenye mti, kwahiyo doesNotExist() itaanguka na inayotakiwa ni not(isDisplayed()). Akikitoa kabisa mambo yanageuka, doesNotExist() inapita na ile nyingine inakutapikia NoMatchingViewException. Kwahiyo lazima uongee na aliyeandika, hakuna njia ya mkato hapo. Na hii ya doesNotExist() ndo naiogopa zaidi maana inapita kirahisi mno. Ukikosea herufi moja kwenye jina la kitufe inapita, skrini ikiwa bado haijafunguka inapita, aplikesheni ikikupeleka ukurasa mwingine kabisa inapita vilevile. Dawa yake ni kuanza na kitu ambacho kinatakiwa kiwepo, hakikisha kwanza "Malipo yamepokelewa" imeonekana, ndo uulize kuhusu "Lipa".

Wale wa Appium (chombo kingine cha testi) mna la kwenu, findElement ikikosa kitu inarusha NoSuchElementException, watu wanakwepa kwa findElements halafu wanaangalia kama orodha ni tupu, sawa inafanya kazi ila kama umeweka implicit wait (muda wa kusubiri kila unapotafuta kitu) kila swali la "hakipo" litasubiri hadi muda uishe, ndo hapo testi zinachukua mchana mzima. Ondoa hiyo implicit wait halafu tumia invisibilityOfElementLocated, hiyo inakubali vyote viwili, kilichofichwa na kisichokuwepo. Na tafadhali acheni Thread.sleep (kusimamisha testi kwa muda wa kukisia), zimeni zile animesheni tatu kwenye mipangilio ya developa muone kama testi hazijatulia.

Orodha ndefu nazo zina vituko vyake. Kwenye ScrollView ya kawaida vitu vya chini vipo tayari, unafanya scrollTo() unaendelea na safari. Kwenye RecyclerView, orodha inayojenga vitu kadri unavyoskroli, muamala wa mwezi jana haupo kabisa hadi uskroli uufikie, unatumia RecyclerViewActions la sivyo utaambiwa hakuna kitu kama hicho na utafungua tiketi ya bagi (hitilafu) ambayo sio bagi.

Sasa kilichonifanya niandike. Bi mkubwa wangu Temeke simu yake ndogo ya Kariakoo na kaweka maandishi makubwa, wazee wengi wako hivyo, na maandishi yakikua kila kitu kinasukumwa chini, kitufe cha mwisho kinabaki ukingoni mwa skrini. Testi zenye isDisplayed() zinapita vizuri tu. Nikasema hapana, tukaongeza amri ya kukuza maandishi mara 1.3, adb shell settings put system font_scale 1.3, kwenye emuleta yenye skrini ndogo, na kwenye malipo tukabadilisha kuwa isCompletelyDisplayed(). Kila testi ya malipo sa hivi inaendeshwa kwenye maandishi ya kawaida kwanza halafu kwenye makubwa, na zile zinazoanguka kwenye makubwa tu namrushia mtu wa dizaini, developa namuacha apumzike.