Nusu Mstari Nyuma

Nimerudi. Hii ni wiki ya sita. Walioniuliza mbona niko kimya, jibu ni hili, na mniwie radhi kwa urefu wake.

Niliondoka miaka 9 iliyopita na begi moja, nimerudi na begi moja. Tena ni lile lile, ila sasa zipu imekufa. Hapo katikati baba alifariki, nami nikamzika kwa simu. Vibali vyangu vilikuwa vimeisha muda, nikitoka siingii tena, na deni la nauli iliyonipeleka lilikuwa bado linaning'ang'ania shingoni. Mdogo wangu aliinua simu juu ili nione. Nilichoona zaidi ni mawingu na migongo ya watu. Walipoanza kuimba, picha ikaganda.

Tangu siku hiyo sikuimba tena. Imani sikuikana, na wala sikugombana na Mungu. Niliacha tu, kama mtu anavyoacha kumpigia rafiki: leo umechoka, kesho una zamu ya usiku, keshokutwa unaona haya kwa kuwa siku zimepita mno, na haya hiyo ndiyo inayokumaliza.

Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani kwa sababu mama alikuwa ameshanipigia shati pasi. Unalikataaje shati lililokwisha kupigwa pasi? Nikakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, ili nikizidiwa nitoke bila kupita mbele za watu. Wimbo ukaanzishwa. Maneno yake nayajua tangu sijajua kusoma, lakini koo lilifunga kabisa.

Kando yangu alikaa mzee mmoja ambaye masikio yamemchoka. Hakuniuliza kitu. Aliweka kitabu chake gotini pangu, kitabu ambacho mgongo wake umeshikwa kwa plasta ya vidonda, akaweka kidole chini ya mstari. Kidole chenyewe ukucha wake ni mweusi, nadhani ni nyundo. Kidole kikaanza kutembea, neno kwa neno, huku mwenyewe anaimba. Na kwa kuwa hasikii vizuri, huwa nusu mstari nyuma ya watu wote. Wenzake wamenyamaza, yeye bado yuko kwenye neno la mwisho, peke yake, kwa sauti kubwa, hana habari. Sikuimba siku ile. Nilifuata kidole tu.

Usiku wake nilifungua kitabu cha Ezra, sura ya tatu. Zamani nilikuwa nairuka, naiona ya mafundi na mawe. Wayahudi wamerudi kutoka Babeli baada ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwaruhusu mwaka 538 KK. Hekalu lilikuwa limebomolewa takriban nusu karne nyuma yake. Sasa wanaweka msingi mpya, makuhani wana tarumbeta, Walawi wana matoazi, watu wanapaza sauti za furaha. Ila wazee walioliona lile la kwanza wanalia kwa sauti kuu. Na mwandishi anasema watu hawakuweza kuipambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kelele ile ikasikika mbali. Hakuna anayetumwa kuwanyamazisha wazee. Hakuna anayewaambia wafute machozi kwanza ndipo waabudu. Halafu kazi yenyewe ikakwama miaka mingi kwa upinzani, hekalu likaja kumalizika miaka kama 20 baadaye. Yaani siku ile waliyoimba na kulia hapakuwa na jengo lolote. Palikuwa na msingi tu.

Niseme jambo ambalo huenda likawaudhi wengine. Nimechoka na mahubiri ya sifu upokee, imba ufunguliwe, kana kwamba ibada ni sarafu unayoitumbukiza kwenye mashine. Na kila mara ushahidi ni Paulo na Sila gerezani Filipi. Nimeisoma tena ile sura ya 16 ya Matendo. Wamechapwa, miguu imebanwa kwenye mkatale, ni usiku wa manane, wanaomba na kuimba. Kuna tetemeko kweli, lakini wao walipokuwa wakiimba hawakujua kuwa litakuja. Na milango ilipofunguka hawakutoka! Walibaki, hata mlinzi aliyetaka kujiua akaokoka na kifo. Waimbaji wa kutafuta mlango wangekuwa wameshafika mbali. Kinachonishika zaidi ni kile kipande kifupi kwamba wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Mimi wiki zote hizi ni mmoja wa wafungwa hao wengine.

Zaburi nazo. Ziko 150, na theluthi yake hivi ni malalamiko. Ile ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kukufariji mwishoni. Ile ya 137 ni ya watu waliotundika vinubi mitini wakasema hawawezi kuimba ugenini, na kukataa kwao kukageuka kuwa wimbo. Laiti ningelijua hilo kule, kwenye basi la alfajiri, nilipodhani kwamba kwa kuwa sina la kushukuru basi sina la kusema.

Wiki ya tatu mzee aliniambia kitu tukiwa tunatoka. "Mwanangu, jina lako tulikuwa tunalitaja kila Jumatano." Nilishukuru, ila moyoni nilipandwa na hasira. Kila Jumatano? Mbona zile Jumatano nililala njaa? Hasira hiyo sikuificha, niliipeleka kwenye maombi kama ilivyo, na ndiyo sala yangu ya kwanza ndefu baada ya miaka. Sijajibiwa. Ila nimerudi Jumatano iliyofuata, na sasa nami nataja majina ya walioko mbali.

Kazi sijapata. Kaburi la baba nimelitembelea mara mbili, mara ya kwanza nilishindwa kukaribia.

Jumapili iliyopita ulirudi wimbo ule ule wa siku ya kwanza. Niliimba beti mbili. Wa tatu ulinishinda katikati, nikainama. Kidole hakikusimama. Mzee akaumalizia, nusu mstari nyuma ya watu wote.