Kuhamisha Daftari la Uwekezaji kwenda Kompyuta Mpya

Thamani ya jumla inayojitokeza programu ya uwekezaji inapofunguliwa haitoshi kuthibitisha kwamba kumbukumbu zimehama salama. Thamani hiyo ni zao la vitu viwili tu, yaani idadi ya hisa au vipande ninavyomiliki na bei ya soko ya leo, na bei ya leo hupakuliwa upya bila kujali historia iliyo nyuma yake. Jumla inaweza kuwa sahihi hadi senti ya mwisho huku tarehe za ununuzi zimevurugika, gharama zimebadilika na gawio la miaka kadhaa limepotea. Nimemaliza kuhamisha hesabu zangu kutoka kompyuta ya zamani, na ningependa kuandika namna kazi hiyo ilivyokwenda ningali naikumbuka vizuri.

Kuhama kwenyewe hakukuwa kwa hiari kabisa. Usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na sikutaka mashine isiyopata tena masasisho ya usalama iendelee kubeba orodha ya kila nilichowekeza pamoja na namba za akaunti. Kompyuta mpya inatumia Windows 11, ambayo hutolewa kwa biti 64 pekee (biti hapa ni kipimo cha ukubwa wa data ambayo kichakataji hushughulikia kwa mkupuo). Mfumo huu huendesha programu za biti 32 bila tatizo, lakini za biti 16 hauziendeshi kabisa, na hapo wenye programu za miaka ya 1990 hukutana na kikwazo, kwa sababu programu inaweza kuwa ya biti 32 huku kisakinishi chake ni cha biti 16, na usakinishaji ukakwama kabla haujaanza. Programu yangu haikuwa na shida hiyo. Shida yake ni kwamba walioitengeneza waliacha kuiuza na kuihudumia zamani, na huduma yake ya kupakua bei ilikwisha kufa, kwa hiyo nilijua kuwa safari hii italazimika kuishia kwenye programu nyingine.

Hata hivyo niliamua kutobadilisha kompyuta na programu kwa mkupuo mmoja. Anayebadilisha vyote viwili pamoja, kisha akakuta namba zinatofautiana, hana njia ya kujua kama faili lilinakiliwa pungufu au kama programu mpya inapiga hesabu kwa kanuni nyingine. Nilitaka kwanza programu ileile, kwenye mashine mpya, itoe namba zilezile. Baada ya hapo tu ndipo programu ibadilike. Kabla ya kugusa chochote, nilitoa kwenye kompyuta ya zamani ripoti za PDF zinazoonyesha idadi ya vipande vya kila uwekezaji, gharama ya kila fungu lililonunuliwa, faida iliyopatikana mwaka kwa mwaka, na gawio lote lililopokelewa. Ripoti hizo ndizo zilizokuwa shahidi wangu hadi mwisho.

Hatua ya kwanza ilionekana nyepesi. Niliisakinisha programu, nikanakili faili la data kutoka kwenye folda ya programu katika kompyuta ya zamani, nikalifungua, na kila kitu kikajitokeza: majina ya akaunti, mpangilio wa grafu, hata maelezo niliyoyaandika pembeni ya miamala. Lakini miamala yenyewe ilikoma miaka kadhaa nyuma. Kwenye kompyuta ya zamani programu ileile ilionyesha miamala yote hadi ya hivi karibuni, ilhali faili lile katika folda lilikuwa na tarehe ya siku ambayo programu ilisakinishwa kwenye mashine hiyo. Kila nilipohifadhi muamala programu ilikuwa ikiandika mahali fulani, na faili hilo halikuguswa.

Maelezo yake yamo katika historia ya Windows. Enzi za Windows XP, programu nyingi ziliandika data ndani ya folda ileile zilimosakinishwa, chini ya Program Files. Windows Vista ilipotolewa kwa umma Januari 2007, mtumiaji wa kawaida alizuiwa kuandika humo, na ili programu za zamani zisikwame, Microsoft iliweka utaratibu wa kuyaelekeza maandishi yake kwingine kimyakimya, kwenye folda iitwayo VirtualStore iliyo ndani ya AppData\Local ya kila mtumiaji. Programu huamini kwamba inaandika na kusoma kwenye folda yake, kumbe mfumo unaipatia nakala iliyo kwingine. Mwenye kompyuta naye haoni, kwa kuwa AppData imefichwa. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi kuhusu utaratibu huu ni kwamba programu ikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi haielekezwi, bali huandika moja kwa moja katika Program Files. Hivyo inawezekana kabisa mtu akawa na madaftari mawili yanayokua sambamba, kila moja likiwa na miamala isiyomo katika jingine.

Kilichonisaidia ni jaribio dogo ambalo sasa ningelifanya kwa programu yoyote inayotunza fedha. Niliingiza muamala wa majaribio kwenye kompyuta ya zamani, nikauhifadhi, kisha nikatafuta katika diski nzima, mafaili yaliyofichwa yakiwemo, kila faili lililobadilishwa ndani ya dakika zile chache. Faili hai likajitokeza lenyewe. Niliufuta muamala ule, nikaifunga programu, nikanakili faili hilo, na kwenye kompyuta mpya nikaliweka katika folda ya nyaraka zangu, nje kabisa ya Program Files, ili jambo hili lisijirudie. Ripoti za mashine mpya zililingana na zile za PDF mstari kwa mstari.

Kuifunga programu kabla ya kunakili si adabu tu. Programu nyingi za sasa hutunza data katika hifadhidata ya SQLite, na tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010 SQLite inaweza kuandika miamala mipya kwanza katika faili la pembeni ambalo jina lake huishia na -wal, kisha kuihamishia kwenye faili kuu baadaye. Ukinakili faili kuu peke yake programu ikiwa wazi, unaweza kuyaacha nyuma maingizo ya mwisho kabisa, nayo ndiyo ambayo huenda hujawahi kuyatengenezea nakala rudufu.

Hatua ya pili, ya kutoka programu moja kwenda nyingine, ndiyo iliyohitaji subira. Programu yangu ya zamani inatoa data kwa muundo wa QIF, uliotokana na Quicken, programu ya kutunza hesabu za fedha. Faili la QIF ni maandishi matupu, nami nalipenda kwa hilo, kwa sababu mtu yeyote anaweza kulifungua na kulisoma: mstari unaoanza na D ni tarehe, Y ni jina la uwekezaji, Q ni idadi, I ni bei, na alama ya ^ hufunga muamala. Muundo mwingine wa kubadilishana data za fedha, OFX, uliotangazwa mwaka 1997 na kampuni za Microsoft, Intuit na CheckFree, una nidhamu zaidi, kwani tarehe zake huanza na mwaka na kila muamala hupewa kitambulisho chake. QIF haina nidhamu hiyo. Hakuna mahali panapoeleza kama 03/04 ni tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi, na programu inayopokea hukisia. Nilitafuta kwanza miamala ambayo siku yake inazidi 12, nikahakikisha imesomwa sawasawa, ndipo nikaamini mengine. Uhamisho wa fedha kati ya akaunti zangu mbili nao ulikuja mara mbili, mara moja kutoka kila akaunti, lakini hilo huonekana haraka kwenye salio na kurekebishwa haraka.

Mgawanyo wa hisa ni suala jingine. Tarehe 31 Agosti 2020 hisa za Apple zilianza kuuzwa baada ya mgawanyo wa moja kuwa nne, yaani kila hisa moja ya zamani ikawa hisa nne zenye thamani ya robo kila moja. Katika QIF mgawanyo kama huo huandikwa kwa neno StkSplit na idadi ya 40, si 4, kwa sababu kanuni ya muundo huo ni kutaja hisa mpya kwa kila hisa 10 za zamani. Programu isiyoijua kanuni hii itazidisha hisa kwa 40, na kosa la ukubwa huo hakuna atakayeshindwa kuliona. Kosa la hatari ni lile dogo, linalotokana na bei. Soko lilipofungwa katika siku ya mwisho ya biashara kabla ya mgawanyo, bei ya hisa ya Apple ilikuwa dola 499.23, lakini anayepakua bei za kihistoria leo atapewa takriban 124.81 kwa siku hiyohiyo, kwa kuwa wasambazaji wa bei hurekebisha historia yote ili ilingane na hisa za sasa. Programu ikiwa imeandika mgawanyo kama muamala na kuzihesabu hisa za zamani kwa idadi yake ya zamani, kisha ikazizidisha kwa bei iliyorekebishwa, grafu itaonyesha kwamba kabla ya mgawanyo nilikuwa na robo tu ya nilichokuwa nacho. Thamani ya leo haitatikisika hata kidogo. Kwa sababu hiyo sikuruhusu programu mpya ipakue bei za zamani. Nilihamisha bei zilizokuwa kwenye daftari langu, na kutoka mtandaoni nikachukua za tangu siku ya kuhama.

Jambo lililonifanya nikeshe ni gharama ya ununuzi. QIF hubeba ununuzi na mauzo, lakini haibebi uhusiano kati ya mauzo fulani na fungu fulani lililonunuliwa. Tuseme nilinunua hisa 100 kwa 10, baadaye nikanunua nyingine 100 kwa 16, kisha nikauza 100 kwa 20. Programu inayouza kwanza kilichonunuliwa kwanza itaandika faida ya 1,000 na kuacha hisa zenye gharama ya 1,600. Inayotumia wastani itaandika faida ya 700 na kuacha gharama ya 1,300. Kama nilichagua mwenyewe kuuza fungu la pili, faida ni 400 na gharama iliyobaki ni 1,000. Katika hali zote tatu ninabaki na hisa 100, na thamani yake ya soko ni ileile. Ukurasa wa kwanza wa programu hautaonyesha tofauti yoyote, ilhali faida niliyokwisha kuitangaza kwa mamlaka ya kodi itakuwa imebadilishwa kinyemela, na siku nitakapouza hisa zilizobaki nitaanzia kwenye gharama isiyo yangu.

Programu mpya ilikuja ikiwa imepangwa kuuza kilichonunuliwa kwanza. Nilichukua ripoti ya mafungu kutoka PDF, nikapitia mauzo moja baada ya jingine, na palipokuwa na uchaguzi maalumu nikaliunganisha kila uzo na fungu lake kwa mkono. Kazi hii haina njia ya mkato ninayoiamini. Namba zangu za kila mwaka zilianza kulingana kuanzia miaka ya mwanzo kwenda mbele, na nilifuata mpangilio huo kwa makusudi, kwa sababu fungu likikosewa mwaka mmoja huharibu miaka yote inayofuata. Ukianzia mwisho utarekebisha matokeo huku chanzo kikiendelea kuzalisha makosa. Palibaki tofauti ndogondogo za sehemu ya elfu moja ya kipande katika mifuko ya uwekezaji, zilizotokana na programu mbili kukadiria desimali kwa namna tofauti, na hizo nilizilinganisha na taarifa za mfuko wenyewe, kwani ndizo zenye kauli ya mwisho kuhusu vipande nilivyonavyo.

Kwa kutambua kila uwekezaji sikutumia alama za soko peke yake, yaani herufi chache ambazo hisa hutambulishwa nazo sokoni. Alama hubadilika: Facebook ilijulikana kama FB hadi tarehe 9 Juni 2022 ilipoanza kuuzwa kama META, na daftari lililoanzishwa kabla ya hapo linaweza kuigawa kampuni moja kuwa mbili. Namba ya ISIN, ambayo ni kitambulisho cha kimataifa cha hisa au mfuko chenye herufi na tarakimu 12, haikubadilika katika tukio hilo. Niliijaza kwa kila uwekezaji, hata ule niliokwisha kuuuza wote.

Nenosiri la faili na funguo za huduma ya bei hazikuhama pamoja na data, na sikutarajia zihame, kwa kuwa mfumo huzihifadhi kwa usimbaji uliofungamanishwa na akaunti ya mtumiaji katika mashine ile. Niliziingiza upya. Nakala rudufu sasa ziko mbili, moja ikiwa katika diski ya nje iliyosimbwa, na pamoja na faili la programu kila nakala ina CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) ya miamala yote yenye tarehe zilizoandikwa kwa kuanza na mwaka, ili iwezekane kuisoma hata pasipokuwa na programu hii.

Kompyuta ya zamani sijaifuta. Imeondolewa kwenye mtandao, programu ya zamani bado inafunguka, na itabaki hivyo hadi nitakapofunga hesabu za mwaka huu ndani ya programu mpya na kuzilinganisha na taarifa ya mwisho wa mwaka ya dalali. Zikilingana fungu kwa fungu, diski itafutwa yote, folda ya VirtualStore ikiwemo.